Vyura Wadogo wa Bwawa la Juu

Shemeji yangu nilimshuku tangu siku dada alipomleta nyumbani kumtambulisha. Sababu yenyewe ilikuwa ndogo: alikaa sebuleni saa mbili nzima bila kuuliza swali hata moja. Mtu asiyeuliza kitu, nilijiambia, ama anajua tayari ama anaficha. Nilipomnong'oneza dada jikoni, alicheka mpaka mfuniko wa sufuria ukamponyoka. "Mdogo wangu," alisema, "wewe ukipewa maji ya kunywa utataka kujua yametoka bomba gani." Sikukasirika, maana ni kweli. Tena bomba lenyewe alikuwa amelitengeneza huyo shemeji, jioni ileile, bila kuombwa. Alipoondoka nilikwenda kulikagua. Halikuvuja, na hilo nalo likanitia shaka.

Alikuwa fundi bomba wakati huo. Mrefu, mabega yameinama kwa miaka ya kuchungulia chini ya masinki. Alivaa mabuti ya mpira hata jua likiwaka, na watu wakaliacha jina lake wakamwita Mabuti. Hata mama yetu, mkwewe, alimwita hivyo. Mwenyewe alicheka bila sauti, mabega tu ndiyo yaliyotikisika. Na alikuwa na tabia moja iliyonikera kuliko zote: sentensi aliianza vizuri, kisha akaiacha njiani, umalizie mwenyewe. "Lile sinki lenu, ukiangalia pale chini..." basi, kwisha. Mimi sipendi kumalizia sentensi za watu.

Mimi kazi yangu ni kuhesabu umri wa vyura. Watu wakisikia hucheka, wakauliza kama vyura wana vyeti vya kuzaliwa. Hawana, lakini wana mifupa. Chura akikamatwa hukatwa ncha ya kidole cha mguu, kipande kidogo kuliko punje ya mchele, kikatiwa kwenye kichupa. Kikinifikia nakilainisha kwa asidi, nakikata kwa mashine vipande vyembamba ajabu, navitia rangi ya zambarau, naviweka kwenye kioo chini ya hadubini. Kila mwaka msimu mbaya unapofika na chakula kikaadimika, chura huacha kukua, na mfupa wake hubaki na mstari mwembamba wa mviringo. Mistari mitano, miaka mitano. Naipenda kazi hii kwa sababu mfupa haubembelezi mtu.

Mkuu wetu tunamwita Daktari, ingawa hajawahi kumtibu mtu. Ndiye aliyemleta Mabuti kazini, miaka saba iliyopita, na mimi sina mkono wangu katika hilo. Mfereji wa sakafu ya maabara ulikuwa umeziba, akaitwa fundi, na fundi akawa yeye. Alipiga goti, akazamisha mkono hadi begani, akatoka na chura mzima. Alimshika kiunoni kwa vidole viwili, chura akatulia. Daktari alikuwa amewaachisha kazi wakamataji watatu mwaka ule, wote wanabana vyura kama wanakamua malimau. Alimwajiri Mabuti kabla mfereji haujazibuka. Aliponiuliza kama naona vibaya kufanya kazi na shemeji yangu, nilisema hapana, na huo ulikuwa uongo.

Mabwawa yetu ni mawili. La chini liko nyuma ya kiwanda cha zamani cha matofali, maji ya vuguvugu, tope jekundu, wadudu tele. La juu liko mlimani, baridi kali, na kulifikia ni saa mbili na nusu za kupanda kwa miguu. Chura ni aina ileile moja kote kuwili. Mabuti alitakiwa kwenda kila bwawa mara moja kwa mwezi, akamate, apime urefu kutoka mdomoni hadi mwisho wa mgongo, akate ncha, aandike mstari mmoja wa daftari kwa kila chura, amwachie. Kukata kwenyewe ndiyo alama: mguu wa kulia wa nyuma ni makumi, wa kushoto ni mamoja. Aliyekatwa kidole cha pili kulia na cha nne kushoto ni namba ishirini na nne, na atabaki ishirini na nne mpaka afe. Mimi mwenyewe niliifanya kazi hiyo kule juu msimu mmoja, mwaka wangu wa kwanza kazini, miaka tisa iliyopita, kabla goti halijanigomea nikapewa kiti cha hadubini. Nakumbuka mikono ilivyotetemeka kwa baridi. Mengine ya msimu ule sipendi kuyakumbuka.

Mashine yetu ya kukatia ilikuwa imekufa miaka mingi, na vichupa vikawa vinajipanga tu kabatini. Mpya ilipokuja mwaka huu, nilikuta vidole vya miaka saba vinanisubiri. Nikaanza na vya chini. Vyura wakubwa, milimita sitini na zaidi, mistari mitatu, minne. Sawa. Nikaja kwa vya juu. Vyura wadogo, milimita arobaini na kitu, na mifupa yao ina mistari minane, tisa.

Nilisafisha kioo. Nilihesabu tena, nikahesabu mara ya tatu. Kwa akili yangu, chura mdogo wa mwili ni mdogo wa umri. Siku zote nilizopanda kule juu niliwaona wale ni watoto. Sasa mifupa na daftari la shemeji vinaniambia hao watoto ni wazee kuwapita wale manyangumi wa kiwandani. Mfupa hauongopi, nikasema. Basi anayeongopa ni daftari, na daftari lina mwenyewe.

Tangu hapo sikulala vizuri wala kula vizuri, ikawa kazi yangu ni kumvizia. Na ukimvizia mtu humkosi. Siku za bwawa la chini alirudi na mabuti yenye tope jekundu hadi gotini. Siku za bwawa la juu alirudi na mabuti yanang'aa, hata nyayo zake hazina punje ya udongo. Mtu apande mlima ule na arudi safi hivyo? Nikamchimba dada kwenye simu, kwa njia ya kuzunguka, eti mumeo siku za mlimani hurudi saa ngapi, mlaji wa mchana au wa jioni? "Saa sita, saa saba yuko nyumbani," alisema bila kujua ninachokitafuta. Saa sita mchana. Nikaandika pembeni ya karatasi.

Kisha nikaona mistari mitupu. Katika kurasa za bwawa la juu, mahali patano ndani ya ile miaka saba, palikuwa na mstari ulioandikwa tarehe na saa, na baada ya hapo hakuna kitu. Hakuna namba, hakuna urefu. Mtu anakamata chura, anatazama saa, kisha anaandika nini? Hewa? Kwangu picha ilikamilika: shemeji hapandi mlima. Anakaa bwawa la chini, anakata vidole vya wazee wa kule, anabuni urefu wowote unaomjia, na siku nyingine ubunifu unamwishia katikati ya mstari.

Nikaenda kumchongea. Neno jingine silioni.

Daktari alinisikiliza akiwa ameshika kalamu bila kuandika. "Inawezekana pia wa juu wanakua polepole kwa sababu ya baridi," alisema, "na wakaishi zaidi. Udogo si utoto."

"Inawezekana," nikasema. "Na hii mistari mitupu?"

Alivaa miwani, akazisoma zile kurasa moja baada ya nyingine. Uso wake ulibadilika. "Kama hapandi," alisema, "kazi yote ya bwawa la juu tunaitupa, miaka saba, na yeye anamwaga unga leo leo. Una uhakika?"

"Ninao."

"Huyu ni mume wa dada yako."

"Ndiyo maana nimekuja mwenyewe."

Daktari alimwambia Mabuti akae nyumbani kwanza, asiguse daftari wala kichupa, mpaka mtu apande naye akamwone kwa macho anavyofanya kazi. Nikajitolea mimi. Sikutaka apande na mtu wa kudanganyika.

Siku ya pili dada alikuja kwangu. Hakukaa. Alisimama katikati ya chumba na mkoba begani, kama mtu aliyekuja kusoma mita ya maji.

"Umemsema mume wangu kwa Daktari?"

"Nimesema nilichokiona."

"Anatoka kitandani saa tisa usiku siku za mlimani. Saa tisa. Mimi ndiye ninayemfungia mlango."

"Anatoka kwenda wapi, una uhakika?"

"Wewe unasifika kwa kuuliza," alisema. "Lakini huyu mtu hujawahi kumwuliza kitu yeye mwenyewe. Kila siku unawauliza wengine habari zake. Kazi hiyo ndiyo imemtoa chini ya masinki ya watu, mdogo wangu. Akiipoteza kwa jina la mwongo, usinitafute." Akatoka, na mlango hakuubamiza. Heri angeubamiza.

Tulipanda Jumanne, kabla jua halijachomoza, kwa sababu yeye alisema kukicha sana vyura wa juu huingia chini ya mawe na huwapati tena. Nikafanya hesabu kichwani bila kutaka: kutoka saa tisa, kupanda, kukamata, kushuka, saa sita nyumbani. Ikakubali. Sikuipenda ilivyokubali.

Alitangulia. Hakunilaumu, hakuninunia. Kwenye kila kona aliningojea, na goti langu lilipoanza kulia alinikatia fimbo na kuiegemeza kwenye jiwe, akaendelea mbele, niikute mwenyewe. Nikajiambia ananilainisha. Ndivyo nilivyokuwa.

Karibu na juu kuna kijito. Hapo aliketi, akavua mabuti, akatoa kwenye begi brashi na chupa ya dawa, akaanza kuyasugua. Alisugua shingo, pembeni, kisha nyayo, kila mfereji wa unyayo, akayasuuza, akayasugua tena. Mimi nimesimama nimemkodolea macho. Mwizi anafuta alama, ndicho kilichonijia kichwani.

Lakini maneno ya dada yalikuwa yananichoma, na kwa mara ya kwanza nikamwuliza mwenyewe. "Shemeji, hayo ya nini?"

"Ugonjwa," alisema. "Ule wa ngozi, wa vyura wa chini. Tope likipanda nao huku juu..."

"Nani amekwambia?"

Alinitazama kama vile namtania. "Si wewe uliandika."

Na kweli niliandika. Ukutani mwa stoo yetu, juu ya ndoo, kuna karatasi iliyogeuka rangi kwa uzee: OSHA MABUTI KABLA YA BWAWA LA JUU, NYAYO PIA. Daktari alisema, mimi nikaandika kwa mkono wangu, mwaka wangu wa kwanza. Naipita kila asubuhi nikifuata kahawa. Mabuti alimaliza lake la pili, akaninyooshea brashi. "Na viatu vyako," alisema. "Tukishuka tunasugua tena." Nikaketi nikasugua.

Bwawa lilikuwa vilevile nilivyoliacha: maji meusi, mawe, ukungu umelala juu yake. Aliingia taratibu, akazamisha mkono, akatoa chura wa kwanza. Mdogo, milimita arobaini na moja. Wa pili arobaini na tatu. Wa tatu alikuwa na alama, akanisomea, nikaitafuta kwenye daftari, ipo. Alikuwa anafanya kazi safi kuliko nilivyowahi kuifanya mimi. Shaka yangu ilikuwa imebaki na mguu mmoja tu wa kusimamia, ile mistari mitupu, na mimi niliukumbatia mguu huo.

Wa nne alimtoa, akamgeuza, akaitazama miguu ya nyuma. Kisha akainama haraka kumrudisha majini.

"Mbona unamwachia?" nikasema.

"Huyu, shemeji... tumwache huyu."

Moyo ulinipiga kwa furaha, na naona haya kuandika hivyo. Nilimpata. "Mlete hapa," nikasema.

Alisita. Nilimwona akisita, maji yanamchuruzika kwenye kiwiko. Halafu akaja, akanikabidhi. "Msome wewe," alisema, akageukia upande mwingine, anautazama mlima.

Nilimgeuza chura. Kushoto, kidole cha nne kimekatwa. Kulia, kidole cha pili. Ishirini na nne. Kisha nikaona cha tatu kulia, pembeni ya cha pili: kimekatwa nusu, kwa mshazari, kimepona kimepinda.

Yale ya msimu ule ambayo sipendi kuyakumbuka ni haya. Asubuhi moja ya baridi mkasi uliniteleza, ukakata kidole cha tatu badala ya cha pili. Nikagundua umeshafika nusu. Nikakata cha pili, nikaandika namba ishirini na nne kwa mwandiko mzuri, nikafunga daftari. Wiki iliyofuata nilimpa chura mwingine namba thelathini na nne. Tangu hapo hakuna mtu angeweza kujua kwa hakika chura huyu ni yupi kati ya hao wawili, na mimi sikumwambia mtu. Miaka tisa nakagua makosa ya watu, na langu lilikuwa linaogelea humu.

"Umeshawahi kumkamata huyu?" nikauliza.

"Mara tano."

Mistari mitano mitupu. "Mbona hukuandika?"

"Ningeandika nini? Ishirini na nne, au thelathini na nne? Daktari angetaka kujua nani alikata." Alijikuna shingo. "Nilikwenda nikaangalia madaftari ya zamani. Nikaona mwandiko. Nikasema, shemeji mwenyewe anajua, siku akitaka..."

Sentensi hiyo niliimalizia mwenyewe.

Juzi alipoambiwa akae nyumbani, alikuwa na jibu mdomoni. Angesema neno moja tu, angenitaja, na mimi ndiye ningekuwa wa kukaa nyumbani. Hakunitaja kwa Daktari, wala kwa dada. Niliona aibu, aibu ya kweli, ile inayomfanya mtu asijue aweke wapi mikono, na mikononi nilikuwa na chura.

Nilimpima. Milimita arobaini na mbili. Nilipomkata mimi alikuwa arobaini, hilo nalikumbuka kwa sababu nililiandika kwa uangalifu sana nikijaribu kufunika lile jingine. Milimita mbili kwa miaka tisa. Wala siku ile hakuwa mtoto; alikuwa dume zima, anaita. Huyu niliyemwita mtoto alikuwa mzee wa bwawa.

Mabuti alininyooshea daftari na kalamu. "Andika wewe," alisema. "Mimi nikiandika hutaamini."

Hakulisema kwa hasira. Niliandika tarehe, saa, urefu, kisha: ishirini na nne, inasomeka pia thelathini na nne, kidole cha tatu kilikatwa kwa makosa, nikaweka jina langu. Nilikata ncha nyingine ndogo ya kidole kilekile kilichopinda, kwa ajili ya kichupa.

Mchana uleule nilimweleza Daktari yote. Hakunigombeza; alichukua daftari langu la miaka tisa iliyopita, akapiga mstari mwekundu kwenye namba zote mbili, akanirudishia. Ile ncha mpya niliihesabu mbele yake. Mistari tisa. Lakini chura yule alikuwa mtu mzima nilipomkata, miaka tisa iliyopita. Mistari ilipaswa kuwa kumi na mmoja, au zaidi. "Mfupa wa chura mkongwe hujila kwa ndani," alisema Daktari. "Mistari ya ujana wake hufutika. Wale wote wa juu umewahesabia pungufu." Kwa hiyo daftari la shemeji lilikuwa sahihi, na hesabu zilizokosewa zilikuwa zangu. Nimezirudia zote, na imenichukua miezi mitatu.

Mabuti alirudi kazini Jumatatu. Dada alichelewa zaidi. Siku hizi tunasalimiana, ananipikia nikienda, lakini nikiuliza habari za mumewe hunijibu, "Si mko wote kazini? Mwulize."

Zamani Mabuti akitoka bwawani alikuwa akiviacha vichupa mezani kwangu, anasema, "Haya, shemeji," anakwenda zake. Sasa hafanyi hivyo. Husimama mlangoni, mabuti yamesuguliwa, ameshika daftari wazi, mpaka nichukue kichupa kimoja kimoja nikilinganisha na mstari wake. Mistari mitupu haipo tena. Nimemwambia si mara moja wala mbili: shemeji, nenda kapumzike, mimi nakuamini. Mabega yake hayatikisiki.

"Hesabu kwanza, shemeji," husema, na sentensi hiyo huimaliza.